Kwenda Barbados kwa pasipoti ya Afrika Mashariki: njia, nauli na hesabu yake

Barbados, nchi ya kisiwa katika bahari ya Karibi, haitudai viza. Mkenya, Mtanzania na Mganda wote wanaingia bila viza kwa kuwa nchi zao zimo katika Jumuiya ya Madola, na wanaweza kuruhusiwa kukaa hadi miezi sita. Ugumu wa safari hii basi hauko Bridgetown, mji mkuu wake, uko njiani. Hakuna ndege ya moja kwa moja kutoka Nairobi, Dar es Salaam wala Entebbe, na kila nchi utakayopitia ina sheria zake kwa msafiri anayeunganisha ndege tu. Watu wengi huanza na bei, wakanunua tiketi, ndipo wakagundua kwamba hawawezi kuipanda. Sisi tutaanza na njia.

Hatua ya 1: Chagua njia, bei baadaye

Njia ya London ndiyo itakayojitokeza kwanza ukitafuta, kwa sababu British Airways na Virgin Atlantic wanakwenda Barbados mwaka mzima. Lakini Uingereza inamtaka Mkenya, Mtanzania na Mganda awe na viza ya kupita hata kama hatatoka nje ya uwanja. Kuipata ni kujaza maombi, kulipa ada, kwenda kituo cha viza kutoa alama za vidole, kisha kusubiri, pengine wiki kadhaa. Ukishukia Heathrow na kuondokea Gatwick mambo yanazidi, maana hapo unapita uhamiaji na kuvuka mji, na viza inayotakiwa ni ya aina nyingine. Aliye na viza hai ya Marekani au Kanada huweza kusamehewa ile ya kupita, ila kwa masharti. Yasome mwenyewe kwenye tovuti ya serikali ya Uingereza, usitegemee neno la wakala.

Njia ya Marekani ni nyepesi kwa aliye na viza yake tayari, na imefungwa kwa asiye nayo. Viwanja vya Marekani havina sehemu ya kuunganisha ndege za kimataifa bila kupita uhamiaji. Hata ukikaa Miami saa mbili tu, viza ni lazima. Mwenye nayo anaweza kupanda Kenya Airways Nairobi hadi New York, kisha JetBlue kutoka JFK hadi Bridgetown.

Inayobaki, na ndiyo ninayowashauri wengi, ni Ulaya bara, hasa Amsterdam. Kenya, Tanzania na Uganda hazimo katika orodha ya pamoja ya Schengen, yaani nchi za Ulaya zinazotumia viza moja, ya mataifa ambayo raia wake wanatakiwa kuwa na viza ya kupita uwanjani. Unashuka, unabaki eneo la kimataifa, unapanda ndege nyingine. KLM walianza kwenda Bridgetown Oktoba 2021, na safari hizo zimekuwa za majira ya baridi ya Ulaya, si za kila siku. Ratiba za msimu hubadilika, kwa hiyo tazama kwanza siku ambazo ndege ya Bridgetown inaruka, kisha urudi nyuma kutafuta ile ya Nairobi, Dar au Entebbe.

Sharti moja lisikuponyoke: uwanja mmoja tu wa Schengen kila upande. Tiketi ya Nairobi–Zurich–Frankfurt–Bridgetown inaonekana sawa na nyingine, lakini kati ya Zurich na Frankfurt unahesabiwa kama msafiri wa ndani, maana yake umeingia Schengen, na bila viza hutavushwa.

Hatua ya 2: Msimu

Kiangazi ni Desemba hadi Mei, na katikati ya Desemba hadi katikati ya Aprili ndipo Waingereza na Wakanada wanapojaa na bei za vyumba kupanda. Msimu wa vimbunga unaanza 1 Juni hadi 30 Novemba, ukichachamaa zaidi kati ya Agosti na Oktoba. Barbados iko mashariki kabisa mwa visiwa vya Karibi na vimbunga vingi huipita kando, ila si vyote: tarehe 1 Julai 2024 Beryl kilipita kusini yake na kuharibu sehemu kubwa ya mashua za wavuvi. Mwishoni mwa Novemba au mapema Desemba ni wakati mzuri kwa mtu anayehesabu senti: mvua zinaisha na bei za sikukuu hazijaanza.

Hatua ya 3: Kununua tiketi

Nunua safari nzima katika tiketi moja. Mkichanganya tiketi mbili tofauti ili kuokoa dola mia, begi lako huenda lisiunganishwe hadi mwisho; itabidi ulichukue mwenyewe, na kulichukua ni kupita uhamiaji. Hapo faida yote ya Amsterdam imekwisha.

Nauli ya kwenda na kurudi daraja la kawaida kutoka Nairobi, weka akilini kati ya dola 1,700 na 2,400 za Marekani. Ukikuta chini ya hapo, furahi kidogo, halafu ukague viwanja vya katikati kimoja kimoja.

Hatua ya 4: Karatasi

Tiketi ya kurudi, anwani ya mahali utakapolala, na uthibitisho wa fedha. Kuna fomu ya uhamiaji na forodha ya kujaza mtandaoni kabla ya kufika. Ni bure, na tovuti yake halisi inaishia na gov.bb. Zinazokudai dola hamsini ni za matapeli.

Karatasi inayosahaulika ni kadi ya homa ya manjano. Barbados huitaka kwa abiria wanaotoka nchi zenye hatari ya ugonjwa huo, Kenya na Uganda zikiwamo. Mtanzania naye abebe, hasa akiunganisha ndege Nairobi. Chanjo huhesabika kuanzia siku ya kumi baada ya sindano, kwa hiyo usiende kuchanja wiki ya safari. Ukishachanjwa, cheti hakina mwisho. Kanuni ilibadilika mwaka 2016 na ile miaka kumi ya zamani imefutwa.

Jambo la kaunta: mhudumu wa uwanjani huenda hajawahi kuona abiria wa Barbados mwenye pasipoti yako, na swali lake la kwanza litakuwa “Viza iko wapi?” Usigombane naye. Mwombe kwa upole aangalie Timatic, mfumo ambao mashirika ya ndege hutumia kukagua masharti ya viza. Fika mapema ili mazungumzo hayo yapate nafasi.

Na kwenye begi: usiweke nguo yoyote ya madoadoa ya kijeshi, hata kofia, hata kaptura ya mtoto. Raia kuivaa ni kosa la jinai kisiwani.

Hatua ya 5: Malazi na usafiri wa ndani

Kisiwa ni kidogo, kilomita za mraba kama 430, yaani Unguja inakizidi zaidi ya mara tatu. Pwani ya magharibi, St James, ni ya matajiri. Ipite kwa basi, uitazame, urudi. Pwani ya kusini kuanzia Hastings na Worthing hadi Oistins ina nyumba za wageni na vyumba vyenye jiko kwa dola 80 hadi 120 za Marekani ukiwahi nje ya msimu mkuu, na basi ziko mlangoni. Pwani ya mashariki, Bathsheba, ni nzuri ajabu kwa macho, lakini mkondo wake si wa kuogelea. Hata kwa mtoto wa Lamu.

Fukwe zote ni za umma. Hoteli inaweza kumiliki vitanda vya jua, mchanga haimiliki.

Nauli ya basi ni dola 3.50 za Barbados hata ukizunguka nusu ya kisiwa. Mabasi ya serikali ni ya buluu na hayarudishi chenji. Mabasi madogo ya njano na vile vigari vyeupe viitwavyo ZR ni vya watu binafsi; aliyezoea matatu za Nairobi atajisikia nyumbani, muziki na kubanana vikiwemo. Vituo vimeandikwa “To City” kwa wanaokwenda Bridgetown na “Out of City” kwa wanaotoka. Teksi hazina mita, patana kabla ya kufunga mlango.

Hatua ya 6: Fedha

Dola mbili za Barbados ni dola moja ya Marekani, na kiwango hicho hakijabadilika tangu 1975. Dola za Marekani zinapokewa karibu kila mahali, ila chenji utapewa ya kwao. Mtego uko kwenye alama ya $. Kwenye menyu na dukani kwa kawaida ni ya Barbados. Kwenye safari za boti na vyumba huenda ikawa ya Marekani. Uliza “dola gani?” kila mara, hakuna atakayekuona mshamba. Shilingi zetu hakuna wa kuzibadilisha kule, na dola zao ukirudi nazo Mombasa ni za kumbukumbu tu. Zimalize.

Hesabu yangu ya mtu mmoja, usiku kumi, kwa dola za Marekani: nauli 2,000; chumba 900; chakula 400 ukipika asubuhi na kula nje mara moja kwa siku; mabasi na teksi ya uwanjani 80; boti ya kuona kasa pale Carlisle Bay, pango la Harrison's na viingilio vingine 200; bima 60. Jumla 3,640. Ongeza 400 za dharura na utakuwa karibu na shilingi 520,000 za Kenya kwa kiwango cha 129. Si pesa ndogo. Mkiwa wawili chumba kinagawanyika, na hapo ndipo unafuu mkubwa ulipo.

MASWALI YA WANACHAMA

Mwanachama, Kilifi: Mwalimu, mimi nimezaliwa ufukweni. Mchanga mweupe upo hapa Watamu bure. Niende huko kutafuta nini?

Kama ni mchanga tu, kaa Watamu ndugu yangu, sitakudanganya. Barbados naipendekeza kwa anayetaka kuona watu wa asili ya Afrika walioijenga nchi juu ya mashamba ya miwa ambamo babu zao walikuwa watumwa. Kuna makaburi ya watumwa pale Newton, na sanamu ya mtumwa anayekata minyororo, iliyosimamishwa mwaka 1985, ambayo wenyeji huiita Bussa kwa jina la kiongozi wa uasi wa 1816. Tarehe 30 Novemba 2021 waliacha kuwa chini ya malkia wa Uingereza, wakawa jamhuri. Halafu kuna chakula: cou-cou ni unga wa mahindi uliosongwa na bamia, unaliwa na samaki warukao. Ukionja utaanza kuuliza maswali mengi kuliko niliyoyajibu hapa.

Mwanachama, Goma: Mimi nina pasipoti ya Kongo. Njia ya Amsterdam inanifaa?

Hapana, kaka, si kwa namna niliyoieleza. Kongo imo katika ile orodha ya Schengen, kwa hiyo utahitaji viza ya kupita uwanjani hata Amsterdam. Na ile ruhusa ya kuingia Barbados niliyoitaja ni ya nchi za Jumuiya ya Madola. Waandikie uhamiaji wa Barbados kabla ya kulipa chochote.

Mwanachama, Leicester: Nina pasipoti ya Tanzania lakini ni mkazi wa Uingereza. Yote haya yananihusu?

Robo tu, dada. Wewe unapanda ndege London na kushuka Bridgetown, kama saa tisa hivi angani. Hakikisha hati yako ya ukazi itakuwa hai siku ya kurudi. Epuka likizo za shule. Wiki hizo nauli hupaa.

Mwanachama, Zanzibar: Asalaam aleikum. Chakula cha halali kinapatikana? Na msikiti?

Waaleikum salaam. Waislamu wapo, wengi wao asili yao ni Gujarat nchini India, na Bridgetown ina misikiti. Kuku wa halali wanapatikana, na Ijumaa usiku kule Oistins ni samaki wa kuchoma kwa wingi, ingawa pombe inauzwa meza ya pili. Jumamosi jihadhari na “pudding and souse”: ni nguruwe.

Mwanachama, Arusha: Tunataka kwenda Crop Over, lile tamasha lao. Mnasemaje kuhusu vimbunga?

Kilele chake, Kadooment Day, ni Jumatatu ya kwanza ya Agosti, kwa hiyo mko ndani ya msimu kabisa. Watu wanakwenda kila mwaka, nanyi nendeni, lakini chukueni chumba kinachorudisha fedha na bima inayotaja vimbunga kwa jina. Isome kabla ya kulipa, kwa sababu bima ikinunuliwa baada ya kimbunga kupewa jina kwa kawaida haikilipi kimbunga hicho. Na kwa kuwa ndege za Amsterdam zimekuwa za majira ya baridi, Agosti huenda mkalazimika kupita London. Anzeni viza ya kupita mwezi wa Mei.

Mwanachama, Kampala: Nikifika huko naweza kuvuka hadi Martinique siku mbili?

Bila viza, hapana. Martinique na Guadeloupe ni Ufaransa, na hata viza ya kawaida ya Schengen haitoshi kama haikutaja maeneo hayo ya ng'ambo. Kila kisiwa kina mlango wake kule, usidhani kwamba kilicho jirani kina sheria ile ile.

Mwanachama, Nakuru: Chaja zetu zitafanya kazi?

Umeme wao ni volti 115 na plagi ni za miguu bapa kama za Marekani, kwa hiyo nunua adapta kabla ya kuondoka. Chaja za simu na kompyuta nyingi zinakubali volti 100 hadi 240, imeandikwa mgongoni kwa maandishi madogo. Pasi na birika lako la nyumbani viache.