Mutoto mwanaume anaanza kukomea: namna ya kujua amefika wapi

Bazazi bengi hapa Bukavu banangojea ndevu. Mutoto akifika myaka 14 na kidevu ingali laini, maswali inaanza, kumbe ndevu ni kati ya bintu bya mwisho, na mwili wake pengine ulishaanza kubadirika zamani bila mutu kujua. Basi usishike myaka peke yake, fuata namna bintu binafuatana.

Ya kwanza kabisa ni korodani kuongezeka ukubwa. Inaanza kati ya myaka 9 na 14, bengi ni ku 11 ao 12, na hakuna mwenye ataona juu mutoto wa umri ile haogi tena mbele ya mama. Wala usimuchunguze, mweleze tu mbele wakati haujafika, papa ao yaya yake amweleze, inatosha. Kisha nywele ya sehemu za siri, za makwapa zinakawia zaidi. Baganga banapima hii safari yote kwa madaraja 5 ya Tanner, munganga mumoja Mwingereza, 1 ni mutoto bado, 5 ni mutu muzima.

Kitu yenye muzazi ataona kwa macho ni kiatu, juu nyayo na mikono binatangulia kukuwa, miguu inafuata, kifua na mugongo nyuma. Kiatu yenye ulimununulia ku Kadutu mwezi wa 9 inaweza kumubana mbele ya Noeli, na suruali ya bulu ya masomo ikapanda juu ya kifundo. Ambia fundi aache pindo kubwa ndani, utanishukuru.

Ukitaka kujua kweli, pima. Bila kiatu, kisigino ku ukuta, kitabu bapa juu ya kichwa, piga alama na kalamu, andika tarehe. Nyuma ya myezi 6 pima tena saa ile ile (asubui mutu anakuwa murefu kidogo kuliko mangaribi), hesabu sentimetri zenye zimeongezeka, zizidishe mara mbili. Kama ni sentimetri 5 hivi kwa mwaka, kurefuka kwenyewe hakujaanza. Ikifika 9 ao 10 iko mu mbio yenyewe, na bengi banafika pale ku myaka 13 ao 14. Babinti banatangulia karibu myaka 2, kwa hiyo dada wa 12 akimupita kaka wa 13 musimucheke, atamufikia.

Sauti inavunjika karibu na wakati ule. Ku korale utamusikia iko chini, mara sauti imeruka juu katikati ya wimbo, mwenye kufundisha asimulazimishe kuimba juu.

Kitu yenye inaogopesha batoto sana na habasemi: kavimbe nyuma ya chuchu, kanauma kidogo. Karibu nusu ya bavulana banakapata, kanaisha kenyewe mu myezi ao mwaka, pengine miwili. Mwambie mbele benzake habajamuambia ni ugonjwa.

Ndevu sasa: zinaanza ku pembe za mudomo wa juu, kisha mashavu, kidevu mwisho. Kunyoa haiharakishe kitu.

Muone munganga kama dalili zimekuja mbele ya myaka 9, ao amefika 14 na korodani hazijaongezeka, ao ilianza ikasimama. Mbele ya kuenda uliza papa na bajomba, kukawia mara nyingi ni ya jamaa, kuko bababa benye balirefuka wakiwa karibu kupata diplome ya Leta, mwisho wa sekondari. Lakini njaa ya siku mingi inakawisha pia, na magonjwa kama anemi SS (ugonjwa wa damu wa kurithi, selimundu), hiyo usiache. Munganga anaweza kuomba radio (picha ya mifupa) ya mukono wa kushoto aone umri wa mifupa. Sindano ya homoni za kiume bila yeye, hapana kabisa: mifupa inafunga mapema na mutoto anabaki mufupi.