Ukitaka kuzifaidi filamu za mapenzi za enzi za kale, tazama mali, kisha mikono

Wengi huzikimbia filamu hizi kabla hazijakolea. Wanaona magauni marefu, chai na watu wanaosalimiana kwa kuinamiana, wanabadilisha chaneli. Mimi sina aina ya filamu ninayoipenda kuliko hizi, na naamini anayechoshwa nazo hajajua tu aelekeze macho wapi.

Anza na mali. Kabla hujauliza nani anampenda nani, uliza nani ana nyumba na nani atafukuzwa. Katika Pride and Prejudice, riwaya ya Jane Austen iliyogeuzwa filamu, baba ana mabinti watano na hana mtoto wa kiume, na kwa masharti ya urithi shamba lake litakwenda kwa jamaa wa kiume. Siku akifa, mjane na mabinti hawana pao. Ukilishika hilo, yule mama anayehangaikia wachumba kwa kelele hatakuudhi tena, maana ndiye anayeiona hatari waziwazi. Na Elizabeth, mmoja wa mabinti hao, anapoikataa posa ya jamaa huyo mrithi, anakataa pia paa la kuwasitiri mama na dada zake. Mpaka sheria ya 1882, mwanamke wa Uingereza aliyeolewa hakuwa na haki kamili juu ya mali yake mwenyewe. Kwa hiyo kila posa kwenye hadithi hizi isikilize kama mtu anayeamua maisha yake yote kwa neno moja.

Kisha mikono. Pale ambapo wapenzi hawaruhusiwi hata kukaa peke yao chumbani, kugusana kidogo kunabeba kila kitu. Katika filamu ya Pride and Prejudice ya 2005 iliyoongozwa na Joe Wright, Darcy, tajiri mwenye kiburi atakayempenda Elizabeth, anamshika Elizabeth mkono kumsaidia kupanda gari la farasi, anageuka kwenda zake, na kamera inatuonyesha vidole vyake vikikunjuka. Ni sekunde chache tu, hakuna neno. Ukiwa unachungulia simu, imekupita. Katika The Age of Innocence ya Martin Scorsese, ya 1993, mwanamume anafungua vifungo vya glavu ya mwanamke ndani ya gari la farasi na kubusu kifundo cha mkono wake. Sijaona tukio la kitandani lenye joto kama hilo.

Kwa anayeanza, nashauri hiyo Pride and Prejudice ya 2005. Ikikuingia, nenda kwenye tamthilia ya BBC ya 1995 ya hadithi hiyohiyo, sehemu sita. Najua wengi wanaapa kwa Colin Firth, Darcy wa tamthilia hiyo. Mimi niko upande wa Matthew Macfadyen wa filamu ya 2005, kwa sababu Darcy wake ana haya kuliko kiburi, na mwenye haya akisema anapenda, namwamini. Lakini kwa wahusika wengine, wazazi na majirani wa Elizabeth, tamthilia inashinda, kwani ina nafasi ya kutosha.

Maandishi ya chini yawashe. Lugha ya wakati ule inapinda.

Na usidai harusi kila mara. Ukishazoea, tafuta In the Mood for Love ya Wong Kar-wai, ya 2000, inayoanzia Hong Kong ya 1962: majirani wawili wanagundua wenzi wao wana uhusiano wa siri. Angalia magauni ya Maggie Cheung, anayeigiza jirani wa kike. Likibadilika gauni, mara nyingi ujue siku imepita, na hao wawili bado hawajaambiana kilicho moyoni.