Somo: Roboti ya uokoaji inayofuata mstari, kuanzia sakafuni hadi kwa majeruhi

Habari zenu wanaklabu. Wengi mmeniomba nielekeze jinsi ya kujiandaa kwa Rescue Line, kitengo cha uokoaji katika mashindano ya wanafunzi ya RoboCupJunior. Roboti inaachwa peke yake uwanjani, haina rimoti wala mtu wa kuielekeza. Ndani ya dakika 8 inatakiwa ifuate mstari mweusi, ikwepe vikwazo, iingie kwenye chumba cha uokoaji, iokote mipira inayowakilisha majeruhi na kuipeleka pahala palipotengwa.

Uokoaji uliingia katika RoboCup, mashindano makubwa ya kimataifa ya roboti, kutokana na tetemeko la Kobe, Japani, la Januari 1995, lililoua watu zaidi ya 6,000. Huwa nawaeleza wanafunzi habari hii siku ya kwanza kabisa, wajue ule mpira mdogo unasimama badala ya nani.

Hatua ya 1: Uwanja kwanza

Msianze na roboti. Kateni plaiwudi vipande vya sentimita 30 kwa 30, ambavyo ndivyo vipimo vya vigae vya mashindano, mvipake rangi nyeupe isiyong'aa. Mstari ni tepu nyeusi ya fundi umeme; upana wake wa karibu sentimita 2 unatosha. Tengenezeni kona kali, njia panda, na kigae kimoja ambacho mstari umekatika. Mkato unaweza kufika sentimita 20, kwa hiyo msijihurumie mkauweka wa sentimita 5.

Hatua ya 2: Mwili

Hapa sikai sana. Mota mbili, magurudumu yanayoshika vizuri, na betri ikae chini kabisa, maana kuna mlima unaoweza kuinuka nyuzi 25 na roboti ndefu hubinuka. Mkitumia bodi ya mota ya L298N kumbukeni inakula karibu volti 2: betri ya volti 7.4 itafikisha kama 5.5 kwenye mota.

Hatua ya 3: Kusoma sakafu

Timu nyingi huangukia hapa. Vijana wanakimbilia mkono wa kuokotea kwa sababu unapendeza, wakati roboti bado haijui nyeupe na nyeusi.

Fungeni vihisi viwili vya TCRT5000, vinavyomulika sakafu na kupima mwanga unaorudi, kimoja kila upande wa mstari, karibu sentimita 1 kutoka sakafuni. Chukueni waya wa analogia, unaotoa namba. Ule wa dijitali unatoa ndiyo au hapana tu. Kwenye roboti yetu nyeupe inasomeka karibu 70 na nyeusi karibu 820. Zenu zitatofautiana, hata kihisi cha kushoto na cha kulia cha roboti hiyohiyo havilingani. Ndiyo maana kila kimoja kipimwe peke yake, halafu vyote viletwe kwenye kipimo kimoja cha 0 hadi 100:

thamani = (kinachosomwa − nyeupe) × 100 / (nyeusi − nyeupe)

Namba za nyeupe na nyeusi msiziandike moja kwa moja ndani ya programu. Wekeni kitufe: ukikibonyeza, roboti inajizungusha juu ya mstari kwa sekunde 3 na kukumbuka namba ndogo na kubwa ilizoziona. Hili nililipata kwa uchungu. Tulifanya mazoezi wiki tatu, jioni, chini ya taa. Siku yenyewe ukumbi ulikuwa na madirisha makubwa, na saa nne asubuhi jua likaanguka juu ya vigae viwili. Roboti ikifika pale inaugeukia ukuta. Kihisi hiki kinatumia infraredi, mwanga usioonekana kwa macho, na jua limejaa infraredi. Siku hizi tunazungushia vihisi kadi nyeusi kama sketi, na kitufe kinabonyezwa kila kabla ya kuanza.

Hatua ya 4: Kuufuata mstari

Kosa = kushoto − kulia. Kihisi cha kushoto kikiona nyeusi, kosa ni chanya, maana yake mstari uko kushoto:

mota ya kushoto = 120 − K × kosa
mota ya kulia = 120 + K × kosa

Hiyo 120 ni kasi ya kawaida, na K ni namba inayoamua roboti igeuke kwa nguvu kiasi gani. Anzeni na K ya 0.8. Vihisi vyote viwili vikiona nyeupe, kumbukeni kosa la mwisho: lilikuwa dogo, huo ni mkato, nyoosheni mbele, lilikuwa kubwa, ni kona, endeleeni kugeuka upande huohuo.

Hatua ya 5: Kijani

Kwenye njia panda, mraba wa kijani wa milimita 25 ndio unaoelekeza. Ukiwa kushoto kabla ya njia panda, kata kushoto. Kulia, kata kulia. Ikiwepo miwili, geuka urudi ulikotoka. Usipokuwepo, nenda moja kwa moja. Mraba uliopo ng'ambo ya njia panda hauhesabiki.

Pigeni hesabu. Roboti ikienda sentimita 15 kwa sekunde, inaupita mraba kwa milisekunde 167 hivi. Kihisi cha rangi cha TCS34725 kinaweza kuwekewa muda wa kusoma kuanzia milisekunde 2.4 hadi zaidi ya 600. Mkiuacha kwenye 600 roboti itapita bila kuona kitu. Sisi tunaweka 50, tunapata masomo matatu, na tunakubali kijani baada ya mawili yanayofuatana.

Hatua ya 6: Chumba cha uokoaji

Mlangoni kuna utepe wa rangi ya fedha unaong'aa, na ndani ni sentimita 120 kwa 90. Mipira ya rangi ya fedha ni majeruhi walio hai, myeusi ni waliofariki. Fuateni ukuta, ondoeni mmoja mmoja. Kanuni hurekebishwa kila mwaka, someni toleo la mwaka wenu.

Maswali ya wanaklabu

*Shikamoo mwalimu. Roboti yetu inayumbayumba hata mstari ukiwa umenyooka. Tumepunguza K, bado.*

Marahaba. Angalieni kama mmeacha mistari ya kuchapisha namba kwenye kompyuta. Kwa kasi ya biti 9600 kwa sekunde, herufi 20 zinachukua karibu milisekunde 20, na roboti inakuwa inaona mambo yaliyokwisha kupita. Zifuteni, na delay zote, yaani amri za kusubiri, zitoke.

*Mwalimu, nimefunga vihisi viwili vya rangi lakini kinasomeka kimoja tu. Nimekiunguza?*

Hujaunguza kitu, mwanangu. TCS34725 zote zina anwani moja, 0x29, na haibadiliki. Tafuta bodi ndogo ya TCA9548A, itazipa zamu.

*Bila kamera tutajuaje aliye hai?*

Mpira wa fedha unapitisha umeme, mweusi haupitishi. Bandikeni vipande viwili vya bati kwenye vidole vya mkono, kimoja kiende GND (upande hasi wa umeme), kingine kwenye pini iliyowekwa INPUT_PULLUP, yaani inayosoma HIGH mpaka iguswe na GND. Mkishika mpira na pini ikasoma LOW, huyo yu hai. Futeni bati kwa msasa mara kwa mara.

*Mimi ni mzazi. Naruhusiwa kuwasaidia siku ya mashindano?*

Maji na chakula, ndiyo, mama. Programu na roboti hapana. Majaji huwahoji wanafunzi wenyewe waeleze kazi yao. Mimi pia husimama mbali, nikiwaona wanasahau kubonyeza kitufe, na siruhusiwi kusema neno.