Kabla hujakata ubao wa kaunta

Mnaotaka kufunga kaunta ya mbao jikoni, msikate kwa vipimo vya futi peke yake. Kuta zetu za matofali ya kuchoma hapa Tabora ni nadra kukutana skwea, yaani kwa pembe mraba. Mimi nilikata ubao wa mninga, nikausukuma kwenye kona: upande mmoja ukagusa ukuta, mwingine ukaacha nafasi ya kupitisha kidole. Na bei ya mninga mnaijua.

Siku hizi nakunjua boksi la karatasi ngumu liwe bapa, nalilaza pale kaunta itakapokaa, nalichonga hadi likae sawasawa na ukuta, ndipo nachora umbo lake juu ya ubao. Tundu la sinki nalipima kwa sinki lenyewe likiwa mkononi.

Kingo za tundu hilo zipake vanishi, mara tatu hivi, kabla ya kupachika sinki. Huko ndiko maji huingilia, silikoni ya kuzibia haitoshi. Tena acha upenyo mdogo ukutani, kama milimita 3. Ubao uliofungwa kiangazi cha Agosti hutanuka mvua za Novemba zikishika. Wangu niliubana kabisa. Kufika Desemba ukabinuka, na droo ya vijiko ikagoma kufunguka.