Kutoa kapeti kwenye motahomu na kuweka vainili ya mbao: anza na slaidi, rangi baadaye

Kapeti ya motahomu (gari lenye chumba cha kuishi na kulala ndani) haichakai tu, inatunza. Inatunza mchanga, tope, nywele za mbwa, chai iliyomwagika mwaka juzi na maji ya dirisha linalovuja ambalo bado hujajua kama linavuja. Kwahiyo ukiamua kuing'oa uweke vainili (sakafu ya plastiki) yenye sura ya mbao umeamua vizuri, ila wengi wanaanza kwa kuchagua rangi, mara mwaloni mara mninga, wananunua, af siku ya kazi ndo wanagundua slaidi, yaani ile sehemu ya chumba inayosukumwa nje ukishapaki, haipiti. Mi ningekushauri usinunue chochote kwanza. Kaa na gari lako, fungua slaidi, funga slaidi, angalia.

Kama gari lako halina slaidi basi una bahati, ruka hii aya. Kama unayo, jua kuna aina mbili kubwa. Moja inatembea juu ya sakafu kuu, chini yake kuna rola au vipande vya plastiki ngumu, na ikiwa nje unaona kama kastepu hivi. Nyingine ikitoka nje inashuka mpaka inalingana na sakafu, na wakati wa kurudi ndani inajipandisha kwenye ukingo. Hiyo ya pili ndo inasumbua zaidi maana ukiongeza unene pale ukingoni inakuja kukwangua au kukwama. Cha kufanya: tafuta kapande ka vainili ya unene unaoufikiria, hata kama ni sampo, kaweke pale slaidi inapopita, mtu mmoja abonyeze swichi polepole mwingine aangalie kwa tochi. Mikono mbali, hiyo kitu haina huruma. Fanya hivyo kulia, kushoto na katikati, maana slaidi nyingi hazijanyooka kabisa. Kapeti inabonyea, vainili haibonyei, ndo maana nafasi iliyokuwa inatosha kwa kapeti ya milimita 10 inaweza isitoshe kwa vainili ya milimita 5.

Sasa aina ya vainili. Ziko kama nne: ya rola (shiti moja kubwa), ya kubandua karatasi na kubandika, ya vibao vyembamba vya kupaka gundi, na ile nene ya kufungana yenyewe kwa klik. Watu wanapenda ya klik kwasababu ndo waliyoiona nyumbani, haina gundi, inawekwa haraka. Kwenye nyumba sawa. Kwenye motahomu mi siipendi sana, na sababu ni mbili. Kwanza gari linajipinda likiwa barabarani, vile vifungo vya klik ni vyembamba, vinaweza kuachia au kuvunjika, na slaidi ikipita juu na uzito wake wote inaweza kuvisukuma. Pili ni joto. Gari likipaki juani limefungwa, ndani linaweza kuzidi nyuzi 50, usiku wa baridi linashuka hata chini ya 0. Vainili inatanuka na kusinyaa, kwenye urefu wa mita 4 au 5 unaongelea milimita kadhaa, na ile ya klik inahitaji kuelea ili icheze. Ukiibana chini ya kabati au ukapiga skrubu za meza juu yake haichezi tena, inavimba katikati au inaachana kwenye maungio.

Na kuna uzito, ambao hakuna anayeuwaza mpaka gari lifike kwenye mizani. Vainili ngumu ya klik ya milimita 5 ina kama kilo 9 au 10 kwa mita ya mraba. Ya kugundisha ya milimita 2 mpaka 2.5 iko kwenye kilo 4 hivi. Sakafu yako ya kutembea ikiwa mita za mraba 8, hiyo ni tofauti ya kilo 40 na kitu, karibu ndoo mbili za maji za lita 20 ambazo ungeweza kubeba kwenye tenki. Kwahiyo chaguo langu ni vibao vyembamba vya kugundisha, milimita 2 mpaka 3. Ya rola nayo ni nzuri sana kwa maji maana haina maungio, shida ni kuikata kwenye kona zote zile bila kukosea, ukikosea mara moja umeharibu shiti nzima. Ya kubandua na kubandika ni rahisi ila gundi yake ikipata joto inalainika na vibao vinatembea, labda uongeze gundi nyingine chini.

Haya, kung'oa. Hapa ndo kazi ilipo, sikudanganyi, kuweka vainili ni siku moja, kung'oa kapeti kunaweza kula siku mbili. Viwandani mara nyingi kapeti inawekwa kabla ya makabati na inapigwa pini za stepla kila sehemu, mamia kwa mamia, nyingine mpaka chini ya kabati. Usijaribu kuivuta nzima nzima. Ikate vipande vya upana wa mkono mmoja kwa kisu chenye wembe mkali, vuta kipande, kunja, toa nje. Pale inapoingia chini ya kabati ikate sambamba na kabati uache iliyobaki humohumo. Pale inapoingia chini ya slaidi, ikate kapeti wakati slaidi iko ndani, kisha toa slaidi nje ukate upande wa pili. Kwenye mdomo wa slaidi mara nyingi kuna ubao wa urembo umeikalia kapeti, fungua skrubu zake taratibu usiupasue, utaurudisha.

Pini zitoe kwa bisibisi bapa na plaizi, inua kidogo halafu vuta. Vaa miwani, glavu na kitu cha kukinga magoti. Ile inayokatika na haitoki ipige nyundo iingie ndani kabisa, lakini usiache hata moja imesimama, vainili nyembamba inaonyesha kila kitu, pini moja baada ya mwezi unaiona kama chunusi. Ukimaliza pitisha kiganja (na glavu) sakafu nzima, mkono unaona kuliko macho.

Kabla hujafunika, chunguza plaiwudi. Choma na bisibisi karibu na mlango, chini ya madirisha, pembeni ya choo na kwenye pembe za slaidi. Ikizama au kama mbao imekuwa nyeusi na ina harufu ya uvundo, hapo kuna maji yanaingia. Tafuta yanapotoka, ziba, acha ikauke kabisa, kata kipande kilichooza uweke kipya. Vainili haipitishi maji, ukifunika unyevu umeufungia humo ukaozeshe sakafu kimyakimya. Mashimo na nyufa jaza filla inayokubali kujipinda, sio saruji, itapasuka na mtikisiko. Piga msasa, fyonza vumbi, rudia kufyonza. Na usipige skrubu ndefu bila kujua chini kuna nini, mabomba ya maji, waya na wakati mwingine bomba la gesi yanapita humo.

Siti za dereva na abiria mi ningeziacha zilivyo. Bolti zake ni za usalama, mikanda imeshikiliwa hapo, na magari mengine yana waya za eabegi chini ya siti. Na kapeti ya kebini pia iache, au weka mkeka wa mpira unaotoka, ile inazuia kelele na joto la injini na sakafu yake ina vilima ambavyo kibao hakitakaa hata ukibembeleze.

Vainili iingize ndani ya gari ikae siku mbili, imelala bapa. Changanya vibao vya maboksi tofauti ili rangi isije na mabaka. Usianzie ukutani, kuta za motahomu hazijanyooka, piga mstari wa chaki katikati ya njia kutoka mbele mpaka nyuma uanzie hapo. Panga vikavu kwanza bila gundi, uone kipande cha mwisho pembeni kitakuwa na upana gani, kama ni kijiti cha sentimita 2 sogeza mstari. Maungio ya mistari miwili yapishane angalau sentimita 15 hivi. Kwenye kona za ajabu tengeneza patani ya boksi kwanza, ikikaa vizuri ndo unaichora kwenye kibao. Kukata ni rahisi: kwaruza kwa wembe na rula ya chuma, kunja, kinakatika. Kwenye mikunjo kipashe kidogo na draya ya nywele.

Gundi fuata ilivyoandikwa kwenye kopo, nyingi za aina hii zinapakwa kwa mwiko wa meno madogo halafu unasubiri mpaka ishike kidoleni bila kuchafua. Paka eneo dogo dogo, fungua madirisha, zima moto wote na ujipange usije ukajifungia upande wa kitanda. Kila mstari ukilala pitisha rola ya mkono kwa nguvu. Pembeni acha kama milimita 2 au 3, utafunika na kipande cha urembo, na karibu na sinki, bafu na mlango piga silikoni. Kwenye ngazi weka kona ya alumini yenye mikwaruzo ya kushika mguu, vainili ikilowa inateleza.

Slaidi usiiguse mpaka gundi ishike kabisa, angalau siku nzima. Ukiifunga mara ya kwanza rudia ule mchezo wa tochi. Na mikeka yenye mgongo wa mpira usiweke juu ya vainili, inaacha madoa ya njano yasiyotoka, chukua ya kitambaa.