Kabla ya kukata tiketi ya ndege Mtwara hadi Songea

Ukiweka rula juu ya ramani, toka uwanja wa ndege wa Mtwara hadi wa Songea ni kama kilomita 500, karibu moja kwa moja kuelekea machweo. Kwa barabara ya Masasi na Tunduru ni kilomita 660 hivi, siku nzima ndani ya basi. Ndege kubwa ya pangaboi, inayokwenda kilomita 600 kwa saa au zaidi, ingeumaliza mstari huo kwa saa moja na dakika chache. Ndogo ya injini moja ingehitaji karibu saa mbili.

Ila kwanza uliza: hiyo ndege inapita wapi? Hapa ndipo wengi wetu tunapokosea. Ikibidi kuunganisha Dar es Salaam, unapanda kaskazini kama kilomita 400, kisha unashuka kusini magharibi karibu 580. Umbali wa angani umekaribia kuwa maradufu, na bado hujahesabu saa za kukaa Dar. Uliza pia kama vipande viwili vya safari viko kwenye tiketi moja. Mimi nilikata mbili tofauti, kampuni mbili, nikiwahi mazishi ya baba mdogo. Ndege ya kwanza ilichelewa, ya pili haikunisubiri, na hakuna aliyewajibika kunipandisha nyingine. Nilifika Songea kaburi limeshafukiwa. Kwa hiyo nasema kwa uchungu kabisa: penye msiba, harusi au usaili wa kazi, nenda siku moja kabla.

Muda ulioandikwa kwenye tiketi nao usikuhadae. Unahesabu tangu ndege inapoanza kusogea hadi inaposimama. Foleni ya ukaguzi haimo, wala bajaji ya kukufikisha uwanjani. Anayetokea Newala au Tandahimba aongeze saa za barabarani, na wakati wa mvua azidishe. Mwezi Mei 2024, mvua za kimbunga Hidaya zilikata barabara ya Dar es Salaam na Lindi eneo la Somanga, watu wakakwama huku na huku. Usiseme ndege ikiahirishwa utadandia basi la usiku huo huo. Piga simu kwanza, uliza barabara ikoje.

Vitambulisho ni jambo fupi: chako cha taifa, na cheti cha kuzaliwa cha mtoto.

Mizigo ndiyo inayotutesa watu wa korosho. Pima begi nyumbani, hata kwa mizani ya dukani, maana ndege ndogo huhesabu kila kilo kwa usalama wa wote waliomo. Nimemwona mama mmoja kaunta akifungua mfuko wa korosho na kuzimimina nusu kwenye kanga ya mwanawe aliyemsindikiza. Hakuwa na hela ya kulipia kilo zilizozidi. Pweza mkavu mfunge kwa nailoni mbili, umtie kwenye ndoo yenye mfuniko.

Sweta libebe mkononi, lisiende na begi la chini. Songea iko zaidi ya mita 1,000 juu ya usawa wa bahari, na Juni au Julai mtu aliyetoka Mtwara na shati la mikono mifupi huanza kutetemeka pale pale anaposubiri mizigo.