Samli ya dawa, pika mwenyewe nyumbani

Hapa Tanga maziwa tunayo jamani, sasa kwa nini ununue kopo limeandikwa samli halafu ukilisoma vizuri ni mafuta ya mimea? Chukua siagi ya ng'ombe isiyo na chumvi nusu kilo, utapata kama gramu 400 za samli. Weka kwenye sufuria nzito, moto mdogo kabisa, usifunike. Itayeyuka, itatoa povu na kelele kama mvua ya mbali juu ya bati, hapo maji yanaondoka, we subiri tu na usiende kuchungulia simu maana ikishaanza kutulia na yale machicha ya maziwa chini yakawa rangi ya karanga zilizokaangwa na harufu ikanukia mpaka kwa jirani, epua hapo hapo, ukichelewa dakika moja imeungua. Chuja kwa kitambaa safi, tia kwenye chupa kavu.

Wenye tiba ya Ayurveda kule India wanaiita ghrita, wanasema inapoza pitta, yaani joto la mwili, na wanapikia mitishamba ndani yake ili ibebe dawa. Aliyefunga choo wanampa kijiko kidogo kwenye maziwa ya moto kabla ya kulala. Asali na samli kwa uzito sawa wanakataza kabisa.

Ila mwenye kolesto au ugonjwa wa moyo amuulize daktari kwanza, na kidonda cha moto usikipake samli, kimwagie maji safi ya baridi.